Jeni si jini: ile sindano ya mishipa ya moyo imefika wapi?

Huku Bahla neno "jeni" lina tabu yake. Mji wetu umesemwa tangu zamani kwa mambo ya majini, na jamaa wa Muscat na Sur hawaachi kututania mpaka leo. Kwa hivyo ukikaa kwenye sabla na wazee ukawaambia kuna "tiba ya jeni" ya mishipa ya moyo, wa kwanza atakuuliza mganga wake nani, na anataka kuku wa rangi gani. Tunacheka. Lakini mambo yenyewe si ya mzaha, manake kuna video inazunguka kwenye simu za jamaa zetu, kutoka huku mpaka Dubai mpaka Unguja, ikisema madaktari wamepata sindano ya kudungwa mara moja tu maisha yako yote, mishipa ya moyo haizibi tena, na vidonge unavitupa.

Mimi nimetumiwa na watu watano. Wa sita alikuwa ami yangu, ambaye mishipa yake miwili ya moyo imeshawekewa vyuma vya kuipanua. Alinipigia baada ya Isha. "Ebu nambie wewe unayesoma mambo haya," akasema, "hivi vidonge si niviache tu, nikangojee hiyo sindano?" Kuuliza kwenyewe kulikuwa kumechelewa: alikuwa ameshaviacha siku nne. Nikamwomba avirudie usiku ule ule na asubuhi amwone dakta wake. Alhamdulillahi, alikubali.

Sindano inayosemwa si uzushi mtupu. Kuna kazi ya zaidi ya miaka 30 nyuma yake, sehemu kubwa ikiwa juu ya sungura, panya na kima, na kuna watu wachache ambao wameshadungwa kweli. Kinachokosekana kwenye video ni hatua zote za katikati, na ndani ya hatua hizo ndimo mtu anamoweza kupoteza maisha yake akingoja.

Ukuta unavyoharibika

Wengi wetu tunadhani mshipa unaziba kama bomba: mafuta yanaganda kwa ndani, njia inakuwa nyembamba, mwisho hakipiti kitu. Sivyo hasa. Anayekaa Bahla atafahamu upesi zaidi akiuangalia ukuta wa udongo. Ngome yetu iliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1987, mwaka wa pili yake ikawekwa kwenye orodha ya sehemu zilizo hatarini, na haikutolewa humo mpaka 2004. Imejengwa kwa matofali ya udongo, na ukuta wa namna hiyo adui yake humuoni kwa nje. Unyevu wenye chumvi unapanda ndani kwa ndani, unakula kidogo kidogo, lipu inavimba, na siku moja kipande kinadondoka.

Mshipa nao ndivyo. Kuna chembe za mafuta ziitwazo LDL zinazobeba kolesteroli kwenye damu, na zikiwa nyingi zinapenya ndani ya ukuta wa mshipa. Seli za ulinzi wa mwili zinakuja kuzila, zinakula mpaka zinavimba, zinafia hapo hapo, na panabaki uvimbe laini wenye ngozi nyembamba juu yake. Ngozi ile ikipasuka, damu inaganda juu ya jeraha na njia inaziba ghafla. Ndo maana mtu anacheza mpira Alhamisi jioni, mzima kabisa, na Ijumaa tunamsalia. Uvimbe wenyewe haukuanza Alhamisi. Ulianza ujanani, na kukua kwake kunategemea sana mambo mawili: LDL yako ni nyingi kiasi gani, na umekaa nayo miaka mingapi.

Kiungo kinachoisafisha damu na LDL ni ini. Juu ya seli za ini kuna kitu kama milango midogo, inayoishika LDL inayopita na kuiingiza ndani. Waliogundua milango hiyo ni Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, katika miaka ya 1970, na mwaka 1985 wakapewa Tuzo ya Nobel. Sasa, jeni ni maagizo ambayo mwili unayafuata kutengeneza kitu, na kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Akirithi nakala moja mbovu ya jeni ya milango, anabaki na kama nusu ya milango inayofanya kazi, na LDL yake inakuwa juu, kiasi cha mara mbili, tangu utotoni. Akirithi mbovu kwa baba na kwa mama, milango hana au haifanyi kazi. Mtoto kama huyo anaweza kupata mshtuko wa moyo kabla ya kufikisha miaka 20.

Na hapa sisi tunahusika zaidi ya tunavyodhani. Kabla ya Brown na Goldstein, alikuwepo daktari Avedis Khachadurian wa Chuo Kikuu cha Kimarekani cha Beirut, ambaye mwaka 1964 alichapisha uchunguzi wake wa familia za Lebanon. Kwa kuwa ndoa za ndugu zilikuwa nyingi, alipata watoto waliorithi pande zote mbili pamoja na wazazi wao waliorithi upande mmoja, akaonyesha kwamba haya ni makundi mawili tofauti yenye viwango tofauti vya mafuta. Sayansi hii ilianza kwenye familia zinazofanana sana na zetu.

Sungura wa Kobe

Kujaribu tiba kunataka mnyama anayeugua kama mtu, na hapo ndipo penye ugumu. Panya wa kawaida mishipa yake haizibi kama yetu hata umlishe samli. Mwaka 1973, Yoshio Watanabe wa Chuo Kikuu cha Kobe, Japani, aliona sungura dume mmoja katika banda lake ana mafuta mengi mno kwenye damu, na chakula chake ni kile kile cha wenzake. Akamzalisha, kizazi baada ya kizazi, mpaka akapata ukoo mzima wa sungura wenye kasoro ile ile ya milango ya ini. Mishipa ya sungura hao inaharibika yenyewe. Bila ya kukusudia, Watanabe alikuwa amepata mfano hai wa wale watoto wa Beirut.

Mwaka 1991 kundi la watafiti alilokuwemo James Wilson wa Chuo Kikuu cha Michigan lilichukua sungura wa Watanabe, likawakata kipande cha ini, likaziingizia seli zake jeni nzima ya mlango kwa kutumia kirusi kilichoondolewa ubaya wake, kisha likamrudishia kila sungura seli zake mwenyewe. Kirusi hapa ni mbebaji tu, kama punda wa mizigo, kwa sababu kazi yake ya asili ni kuingiza maagizo yake ndani ya seli za watu. Kolesteroli ilishuka kwa asilimia 30 mpaka 50 na ikakaa chini muda wote wa jaribio, kiasi cha miezi minne.

Kwa sungura ilikuwa habari kubwa. Mwaka 1992 akafanyiwa mtu wa kwanza, mwanamke wa miaka ishirini na nane hivi aliyerithi pande mbili. LDL yake ilishuka, lakini si kama ya sungura. Ripoti ya wagonjwa watano ilipotoka mwaka 1995, watatu kati yao walikuwa wameshuka kwa kiasi cha wastani, na wawili hawakupata la maana. Mtu akakatwe ini kwa faida hiyo? Njia ile ikawekwa upande.

Halafu ikaja Septemba 1999. Kijana wa Kimarekani, Jesse Gelsinger, wa miaka 18, alidungwa kirusi kilichobeba jeni kwenye jaribio la ugonjwa mwengine wa ini, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kwenye taasisi aliyokuwa akiiongoza Wilson huyo huyo. Mwili wake ulikikataa kirusi kwa nguvu kubwa, na siku nne baadaye akafariki. Kirusi kile kilikuwa kimeshajaribiwa kwa wanyama. Kwa miaka kadhaa baadaye tiba ya jeni ilikwenda kwa mwendo wa kobe, na mimi nasema ilistahiki.

Nyuma ya pazia kazi ya wanyama iliendelea. Mwaka 1992 maabara za Marekani zilifanikiwa kutengeneza panya waliozimwa jeni moja ili mishipa yao izibe kama ya watu, na mwaka 1993 wakapatikana panya wasio na milango ya LDL. Panya hao ndio waliotumika katika mamia ya majaribio unayoyasikia kwenye habari. Mwaka 2010 watafiti wa Pennsylvania walionyesha kwamba panya wa namna hiyo akipewa jeni ya mlango wa kibinadamu kwa kirusi kipole zaidi, mafuta yanashuka na uvimbe uliokwisha kuota kwenye mshipa unarudi nyuma. Kurudi nyuma, si kusimama tu. Jaribio kwa watu likafunguliwa mwaka 2016. Halikutoa matunda yaliyotarajiwa, na kampuni ikaliacha.

Seattle, David Dichek na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington wamepita njia nyengine, ambayo mimi binafsi naiona ya kupendeza. Wameliacha ini, wakaitia jeni kwenye ukuta wenyewe wa mshipa wa shingo wa sungura, ili ukuta utengeneze protini ya kuondosha kolesteroli pale pale ilipo. Sungura walilishwa mafuta mengi, na mishipa iliyopewa jeni uvimbe wake ukawa mdogo kuliko ile iliyopewa kirusi kitupu. Ni kama kumfundisha ukuta wa udongo kujitoa chumvi mwenyewe. Lakini ni kipande kifupi cha mshipa wa sungura, na mtu ana mishipa ya moyo inayojikunja na kugawika kama matawi ya mti wa mkwaju.

Mnyama anaweza kukudanganya pande zote mbili

Wanaochukizwa na habari za panya husema: basi majaribio ya wanyama hayana maana. Hao nao wanakosea, na ushahidi ni hivyo hivyo vidonge vya ami.

Akira Endo, Mjapani, alipekua maelfu ya aina za ukungu akitafuta kitu cha kuzuia mwili usitengeneze kolesteroli. Mwaka 1973 akakipata kwenye ukungu uliotoka katika mchele wa duka la nafaka mjini Kyoto. Akawapa panya wa maabara, na kolesteroli yao haikushuka. Dawa ilikuwa karibu itupwe. Ikaokolewa na kuku wa mayai, na baadaye mbwa na kima, ambao wote walishuka. Kutoka hapo zikaja statini, vidonge ambavyo leo vinamezwa na mamilioni ya watu, pamoja na nusu ya wazee wa mtaa wangu. Endo alifariki mwaka 2024.

Kwa upande wa pili, palikuwa na dawa iliyoitwa torcetrapib. Kwa sungura ilizuia uvimbe wa mishipa vizuri sana. Ikapelekwa kwenye jaribio la watu wapatao 15,000, na Desemba 2006 likasimamishwa kwa haraka, kwa sababu waliopewa dawa walikuwa wanafariki zaidi kuliko wasiopewa.

Kwa hivyo ukiona habari "tiba imezuia mishipa kuziba kwa panya", uliza maswali mawili tu. Je, waliangalia mshipa wenyewe, au waliangalia mafuta ya damu peke yake? Na je, kuna mtu aliyekwisha kupewa, wangapi, kwa muda gani?

Kutoka Paris mpaka Zimbabwe

Sindano ya kwenye video inatokana na hadithi nyengine, na hii ina majina yanayofahamika masikioni mwetu. Mwaka 2003 timu ya Paris ya Catherine Boileau, akiwemo Mlebanoni Marianne Abifadel, pamoja na Nabil Seidah wa Montreal, mzaliwa wa Misri, ilionyesha kwamba baadhi ya familia za Kifaransa zenye mafuta mengi zina kasoro kwenye jeni iitwayo PCSK9. Kazi ya PCSK9 ni kuivunja ile milango ya ini. Ikiwa kali kupita kiasi, milango inakwisha.

Basi Helen Hobbs na Jonathan Cohen huko Texas wakauliza kinyume chake: na akizaliwa mtu ambaye PCSK9 yake imelala? Wakawapata. Mwaka 2006 walichapisha kwamba kati ya Wamarekani weusi waliowachunguza, asilimia 2.6 walikuwa na nakala moja iliyozimika. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa pungufu kwa asilimia 88. Hebu yaangalie tena matarakimu hayo mawili. Kushuka kwa robo tu, lakini tangu siku ya kuzaliwa, kumeleta kinga kubwa namna ile. Hapo ndipo linapoonekana lile jambo la miaka.

Mwaka 2007 ikatoka habari ya mwanamke kijana wa Zimbabwe ambaye nakala zake zote mbili zimezimika. LDL yake ilikuwa 0.4 kwa kipimo tunachotumia Oman, yaani milimoli kwa lita, wakati wengi wetu tunafurahi tukipata 2.5. Na alikuwa mzima hana tatizo. Nikiisoma habari hii nafikiria mabibi zetu wa Unguja na Pemba, na bibi zao wa bara. Damu zilizomo kwenye familia za Waarabu wa Kiswahili zina mambo ambayo hakuna aliyekaa akayahesabu.

Mtu kama huyo akiishi salama, wazo linajileta lenyewe: tumzimie mtu mzima jeni hiyo. Mwaka 2014, Kiran Musunuru na wenzake waliizima kwa panya kwa kutumia mkasi wa kukata jeni, na kolesteroli ikashuka kwa asilimia 35 hadi 40. Mwaka 2021 wakaja na chombo cha adabu zaidi, kinachobadilisha herufi moja ya jeni bila ya kuikata vipande viwili, kikisafirishwa ndani ya matone madogo ya mafuta badala ya kirusi. Kima walipigwa dripu mara moja. PCSK9 ilipungua kwa asilimia 90 hivi, LDL kwa asilimia 60, na miezi minane baadaye bado ilikuwa chini.

Sasa tulitumie lile swali la kwanza. Kima hawa walikuwa wazima. Hakuna aliyepimwa kama uvimbe wa mishipa umesimama, kwa sababu uvimbe haukuwepo. Kilichoonyeshwa ni kushuka kwa mafuta, na kwamba kunadumu. Si haba, lakini sicho kilichosemwa kwenye video.

Swali la pili. Mtu wa kwanza alidungwa New Zealand mwaka 2022, na kampuni ya Kimarekani Verve, dawa ikiitwa VERVE-101. Novemba 2023 walitangaza matokeo ya watu kumi, wote wamerithi mafuta mengi na mioyo yao imeshaumia. Waliopata dozi kubwa LDL ilishuka kwa asilimia 39 mpaka 55. Mmoja wa wale kumi alifariki kwa moyo kusimama wiki tano baada ya dawa, na waliosimamia usalama wakasema si kwa sababu ya dawa. Mwengine alipata mshtuko wa moyo siku ya pili yake. Aprili 2024 kampuni ikaisimamisha VERVE-101 baada ya mgonjwa mmoja vipimo vyake vya ini na chembe za kugandisha damu kuharibika. Wakabadilisha matone ya kusafirishia, wakaiita VERVE-102, na Aprili 2025 wakaeleza habari za watu 14: kwa dozi ya juu LDL imeshuka kwa wastani wa asilimia 53. Miezi miwili baadaye kampuni kubwa ya dawa, Eli Lilly, ikatangaza kuinunua Verve kwa kiasi kinachoweza kufika dola bilioni 1.3.

Hao ndio watu wenyewe. Wanahesabika. Na jeni ikishabadilishwa hakuna kurudi. Kidonge kikikudhuru unakiacha, hii huiachi. Ndo maana wakubwa wa dawa wa Marekani wanataka watu wa majaribio kama haya wafuatiliwe mpaka miaka 15.

Kuna jambo moja linalochanganya watu, na nahisi hata mtengenezaji wa video limemchanganya. Zipo sindano za PCSK9 ambazo si za kubadilisha jeni na ambazo madaktari wanaziandika leo hii: kuna za kila wiki mbili, zilizoidhinishwa tangu 2015, na iko inclisiran, ambayo baada ya dozi za mwanzo inadungwa kila miezi sita. Hizi zinaizuia PCSK9 kwa muda, halafu nguvu inakwisha. Mgonjwa akisema "dakta kanipa sindano ya PCSK9", jirani anasikia "tiba ya jeni".

Kwetu sisi, kabla ya sindano

Madaktari wa nchi tano za Ghuba, Oman ikiwemo kwa kazi ya Dakta Khalid Al-Rasadi wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, walikusanya takwimu za watu waliopimwa mafuta hospitalini. Ripoti iliyotoka mwaka 2021 inasema kiasi cha mtu 1 katika 112 alikuwa na dalili za wazi za mafuta ya kurithi. Duniani kote makadirio ni kama mtu 1 katika 300. Hata ukisema waliofika hospitalini si sawa na walioko majumbani, pengo hilo ni kubwa.

Sababu tunaijua. Utafiti wa ndoa za Oman uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta zaidi ya nusu ya wanandoa ni ndugu au wa kabila moja, na kama robo ni watoto wa ami, khali, shangazi au khalati. Sisemi watu wasioane. Wazazi wangu wenyewe ni watoto wa ndugu wawili. Nasema vipimo vya kabla ya ndoa, ambavyo Oman imevifanya lazima tangu Januari 2026, vimelenga magonjwa ya damu ya kurithi kama sikoseli na thalasemia, pamoja na magonjwa ya kuambukiza. Mafuta ya kurithi unayauliza mwenyewe.

Na kuuliza kwenyewe si kazi kubwa. Mtu mzima ambaye LDL yake, kabla ya dawa, imepita 4.9, anafaa kumuuliza daktari wake kama ni ya kurithi. Vile vile familia ambayo mwanamume alipata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, au mwanamke kabla ya 60. Wengine wana alama: vinundu vigumu kwenye kano ya nyuma ya kisigino au juu ya vifundo vya vidole, au duara jeupe kuzunguka mboni ya jicho kwa kijana. Wakati wa kuosha maiti tumeziona alama hizi kwa ndugu zetu tukadhani ni sugu za kazi.

Akipatikana mmoja, kila ndugu yake wa tumbo moja na kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nayo. Ami yangu alipoulizwa na daktari wake habari za ndugu, ndo ikajulikana kuwa kaka yake aliyefariki ana miaka 43, ambaye sisi tulikuwa tunasema kaangukiwa na jicho, hakuwahi kupimwa mafuta hata mara moja. Aliacha watoto sita. Mkubwa ana miaka 27 na anacheza mpira.

Kuna utafiti wa Uholanzi uliotoka mwaka 2019 ambao natamani ungekuwa ndio unaozunguka kwenye simu. Watoto 214 wenye mafuta ya kurithi walianzishiwa statini wakiwa wadogo, na wakafuatiliwa miaka 20. Walipofika umri wa miaka 39, asilimia 1 tu walikuwa wamepata tukio la moyo. Wazazi wao waliokuwa na kasoro ile ile, ambao ujanani mwao dawa hizo hazikuwepo, walipokuwa na umri huo huo walikuwa wamefika asilimia 26. Ni jeni ile ile, ya ukoo ule ule. Kilichotofautiana ni kidonge cha bei ndogo kilichoanza mapema. Miongozo ya Ulaya inaruhusu kuanza kwenye miaka minane mpaka kumi, chini ya daktari wa watoto.

Watoto wale sita wamepimwa wiki iliyopita, wote kwa asubuhi moja, damu ya mkononi tu na wala hawakuambiwa wafunge. Wawili, LDL imepita 6. Yule mchezaji mpira ni mmoja wao, na Jumatatu ana miadi Nizwa.